UZI MREFU: Melanoma iliyowahiwa mapema. Kwa nini jina la hatua linabadilika na uvimbe ni ule ule

Darubini (mtoa uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha kwa muda, lakini maswali yamekuwa mengi kwenye jumbe binafsi, nikaona bora tuyaweke hadharani wote tufaidike. Mimi nafanya kazi maabara ya patholojia. Kinyama kikikatwa kwenye ngozi kinatufikia kikiwa ndani ya kichupa cha formalini. Tunakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, tunavitia rangi, daktari wa patholojia anavisoma kwenye darubini. Ripoti unayokabidhiwa kliniki imeanzia mezani kwetu, kwa hiyo najua inavyoandikwa na najua watu wanapotelea wapi wakiisoma.

Wanapotelea hapa. Mtu ana melanoma, yaani saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi. Ni nyembamba, imekatwa yote, hakuna dalili kwamba imesambaa. Ripoti inasema T1b (T ni alama ya uvimbe wenyewe, namba na herufi zinaonyesha kundi lake). Anaingia mtandaoni, anakuta ukurasa mmoja unasema T1b ni kwa sababu ya seli zinazojigawa, mwingine unasema ni kwa sababu ya unene. Mmoja unamweka hatua ya IA, mwingine IB. Anaanza kuamini daktari amekosea, au anaamini ugonjwa umepanda hatua akiwa amelala. Kumbe kurasa zile mbili zimeandikwa kwa matoleo mawili tofauti ya mwongozo, na hakuna hata mmoja uliomwambia hivyo.

Mwongozo wenyewe wa kupanga hatua za saratani unatolewa na kamati ya AJCC ya Marekani, na hospitali za nchi nyingi zinaufuata. Toleo la 7 lilianza kutumika 2010. Toleo la 8 lilianza kutumika Januari 2018, na kwa upande wa melanoma lilijengwa juu ya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 46,000 waliogunduliwa kuanzia 1998, kutoka vituo 10 vya nchi mbalimbali.

Sasa twende kwenye namba moja ambayo naomba kila mwenye ripoti aitafute kabla ya kutafuta jina la hatua: unene wa Breslow. Jina linatokana na Alexander Breslow, aliyeonyesha mwaka 1970 kwamba kina cha uvimbe kwa milimita kinatabiri mwenendo wake. Daktari anaanza kupima kwenye tabaka la juu la ngozi linaloitwa tabaka la chembechembe, anashuka hadi kwenye seli ya saratani iliyozama chini kuliko zote. Kama juu ya uvimbe ngozi imeliwa, anaanzia kwenye sakafu ya kidonda. Zamani ripoti zilibeba pia kipimo cha Clark, cha I hadi V, kilichoangalia uvimbe umefika tabaka gani la ngozi. Kilipunguzwa uzito kwenye toleo la 7, na toleo la 8 halikitumii kabisa kupanga hatua. Ukikutana nacho kwenye ripoti, kisikunyime usingizi.

Kwenye toleo la 7, melanoma ya milimita 1 kushuka chini ilikuwa T1. Ikawa T1a kama haina kidonda na seli zinazojigawa hazifiki 1 kwa milimita mraba. Ikiwa na kidonda, au ikipatikana hata seli moja inayojigawa kwenye sehemu iliyozama, inakuwa T1b. Seli moja tu! Nakumbuka jinsi madaktari wetu walivyokuwa wakizunguka kwenye kipande kimoja kuitafuta, na wengine wakiomba vipande vya ziada, kwa sababu jibu lake lilikuwa linabadilisha hatua ya mtu.

Toleo la 8 limeondoa kigezo hicho kwenye kugawa T1 na kuweka mpaka mpya kwenye unene: 0.8 mm. Chini ya hapo na bila kidonda ni T1a. Chini ya hapo na kidonda ni T1b. Kuanzia 0.8 hadi 1.0 ni T1b, kidonda kiwepo kisiwepo.

Nitaendelea na mifano chini. Tafadhali msiweke majina ya wagonjwa wala picha za ripoti zenye namba ya faili.

Darubini

Mifano. Hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, si ya mtu yeyote.

Ripoti inasema unene 0.5 mm, hakuna kidonda, seli inayojigawa 1 kwa milimita mraba. Kwa toleo la 7 huyu ni T1b, hatua ya IB, na pengine angezungumziwa habari ya kutolewa tezi za limfu. Kwa toleo la 8 ni T1a, hatua ya IA, na kwa kawaida tezi haziguswi.

Sasa mgeuze: unene 0.9 mm, hakuna kidonda, hakuna hata seli moja inayojigawa. Toleo la 7 lilimwita T1a, IA, akarudi nyumbani. Toleo la 8 linamwita T1b, na mazungumzo ya tezi yanafunguliwa.

Mnaona? Watu wawili wamepishana mlangoni, mmoja anatoka na mwingine anaingia, na hakuna uvimbe uliokua hata kwa unywele. Fundi akibadilisha futi, kitambaa hakirefuki wala hakifupiki.

Kuna jambo la tatu ambalo hata wahudumu wa afya wengine linawapita. Toleo la 8 linataka unene uandikwe kwa desimali moja. Kwa hiyo 0.74 inaandikwa 0.7, na 0.75 hadi 0.84 zote zinaandikwa 0.8. Mwenye 0.76 ni T1b ingawa kwa macho yake namba iko chini ya 0.8. Na mwenye 1.04, ambaye toleo la 7 lingempeleka T2a (kundi la unene unaozidi milimita 1), sasa anaandikwa 1.0 na anabaki T1b. Ukiona ripoti yako ina desimali mbili na hatua iliyoandikwa haiendani na hesabu yako, anza kwa kuangalia hapo kabla hujamlaumu mtu.

Na kuhusu IA na IB: toleo la 8 lina hatua ya kliniki na hatua ya patholojia, na kwa T1b haziko sawa. Kliniki, T1b ambayo tezi zake hazijaonyesha shida ni IB. Tezi zikichunguzwa na kukutwa safi, hatua yake ya patholojia ni IA. Mgonjwa yule yule, ndani ya mwezi mmoja, anaweza kusoma IB kwenye karatasi moja na IA kwenye nyingine, na karatasi zote mbili ziko sahihi.

Mama Watatu

Kaka Darubini Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili nikapata nguvu ya kuandika.

Mdogo wangu wa kiume ana ripoti kama ule mfano wako wa pili. 0.9 mm, hakuna kidonda. Daktari wa kwanza alimwambia ni hatua ya kwanza kabisa, atakatwa ngozi kidogo pembeni basi. Amepelekwa kwa daktari mwingine wa upasuaji, huyo anasema T1b na anataka kumtoa tezi kwapani. Mama yetu amelia siku nzima, anasema wanatuficha, imeshaingia kwenye tezi. Mdogo wangu mwenyewe amekuwa mkali, hataki kuongea na mtu. Nimwambie nini?

Darubini

Dada, poleni sana. La kwanza mwambie mama: kuchunguza tezi hakumaanishi kuna kitu kimeonekana kwenye tezi. Kama tezi zingekuwa zimevimba au zimeonekana vibaya kwenye picha, njia ingekuwa nyingine, wangechoma sindano ya kunyonya seli kwenye tezi yenyewe. Kinachopendekezwa kwa mdogo wako ni kwa mtu ambaye tezi zake zinaonekana nzima, ili kujua kama kuna seli chache zilizojificha ambazo mkono wala picha haviwezi kuzigundua.

Kipimo kinaitwa upimaji wa tezi mlinzi. Majimaji ya ngozi ya eneo fulani hupita kwanza kwenye tezi moja au mbili kabla ya kufika kwenye nyingine. Seli ikitoroka kutoka kwenye uvimbe, pale ndipo pa kwanza pa kuitafuta. Donald Morton na wenzake walieleza mbinu hii mwaka 1992. Wanachoma dawa yenye mionzi kidogo pale uvimbe ulipokuwa, mara nyingi na rangi ya bluu pia, kisha wanaifuatilia hadi kwenye tezi husika. Wanatoa hiyo tu. Hawazoi kwapa zima. Mueleze hilo, maana neno "kutoa tezi" linawatisha watu kuliko upasuaji wenyewe.

Uwezekano wa kukuta kitu: kwa melanoma zilizo chini ya 0.8 bila kidonda ni chini ya asilimia 5. Kuanzia 0.8 hadi 1.0 unapanda kidogo, miongozo mingi inauweka kati ya asilimia 5 na 10. Ikipita milimita 1 inavuka 10. Ndiyo maana miongozo inazungumza kwa sauti tatu tofauti. Ule wa pamoja wa ASCO na SSO, vyama vya madaktari wa saratani vya Marekani, wa mwaka 2018 unasema T1a isifanyiwe kama utaratibu wa kawaida, T1b inaweza kufikiriwa baada ya kujadiliana na mgonjwa, na kwa T2 na T3 (unene unaozidi milimita 1 hadi 4) inapendekezwa. Uingereza, mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, umebana zaidi: kwa 0.8 hadi 1.0 unataka pawepo angalau kitu kimoja cha ziada, yaani kidonda, au seli za saratani kuonekana ndani ya mishipa midogo ya damu au limfu, au seli zinazojigawa 2 au zaidi kwa milimita mraba.

Kwa hiyo madaktari wenu wawili hawajagombana. Mdogo wako yupo kwenye eneo ambalo mwongozo wenyewe umemwachia mgonjwa nafasi ya kuchagua. Nendeni na maswali manne: umri wake umehesabiwaje, maana vijana hukutwa na seli kwenye tezi mara nyingi zaidi kuliko wazee, seli zinazojigawa ni ngapi, kuna seli ndani ya mishipa, na je, kile kinyama cha mwanzo kilikatwa hadi chini ya uvimbe au uvimbe uliendelea hadi kwenye ukingo wa chini?

Hilo la mwisho nalipigia kelele kila siku. Tunaletewa vinyama vilivyokwanguliwa juu juu, uvimbe unaonekana umekatwa katikati kwa chini, na daktari wetu analazimika kuandika "unene si chini ya 0.6 mm". Si chini ya! Mwongozo mzima unaning'inia kwenye sehemu ya kumi ya milimita, na kipande cha chini kabisa kimebaki kwenye mwili wa mgonjwa au kimeharibiwa. Doa lenye shaka ya melanoma, linapowezekana, likatwe lote pamoja na ukingo mdogo wa milimita 1 hadi 3 wa ngozi nzima na kina cha kutosha. Mgonjwa ana haki ya kuuliza hilo kabla wembe haujashuka.

Nesi wa Ngozi

Naongezea kwa upande wa wodini, nimehudumia wengi.

Mama Watatu, muulizeni daktari kama tezi mlinzi itafanyika siku moja na kukata ule ukingo mpana. Inatakiwa ziende pamoja. Mtu akishakatwa ukingo mpana na ngozi kuvutwa au kupandikizwa, njia za majimaji zinavurugika, na tezi inayopatikana baadaye inaweza isiwe ile ya kwanza. Ndiyo sababu uamuzi wa tezi ufanywe KABLA ya upasuaji wa pili. Nimeona watu wakikimbilia kukata kwanza halafu wanakuja kuuliza habari za tezi.

Ukingo wenyewe kwa melanoma ya hadi 1 mm ni sentimita 1 kuzunguka. Hapo toleo la 8 halikubadilisha kitu, T1a na T1b wote ni sentimita 1.

Akitoka chumba cha upasuaji, asishtuke mkojo ukiwa wa kijani au bluu kwa siku moja mbili. Ni ile rangi. Na ngozi ilipochomwa inaweza kubaki na kivuli cha bluu kwa muda mrefu. Tunawaambia kabla lakini wengi wanakuwa na hofu hawasikii, usiku tunaitwa kitandani mtu anatetemeka.

Hatari zipo: usaha, maji kujikusanya pale chini ya kovu, ganzi, na wachache mkono au mguu kuvimba. Lakini si kama zamani tulipokuwa tunazoa tezi zote. Utafiti mkubwa wa MSLT-II, uliochapishwa 2017, ulilinganisha watu waliokutwa na seli kwenye tezi mlinzi: kundi moja wakatolewa tezi zote zilizobaki, jingine wakafuatiliwa kwa ultrasaundi. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai bila kuuawa na melanoma walikuwa asilimia 86 pande zote mbili. Kuvimba kwa mkono au mguu: asilimia 24.1 kwa waliozolewa, 6.3 kwa waliofuatiliwa. Mimi niliwahudumia waliozolewa. Wanavaa soksi za kubana maisha yao yote. Utafiti ule ulinifurahisha kuliko dawa nyingi mpya.

Kwa maoni yangu kila T1b apewe nafasi ya kipimo hiki, aamue mwenyewe.

Darubini

Sista, nakubaliana na wewe kwenye "aamue mwenyewe", lakini sikubali kwamba kila T1b aingizwe kwenye kapu moja. Mzee wa miaka 80 mwenye 0.8 kamili, hakuna kidonda, hakuna seli zinazojigawa, na moyo wake unasumbua, hana sababu sawa na kijana wa miaka 30 mwenye 1.0 na seli zinazojigawa 3. Wote ni T1b. Herufi ni moja, watu ni wawili. Kuna vikokotoo vya hatari, mfano kile cha Melanoma Institute Australia, vinavyoingiza umri, unene, kidonda, seli zinazojigawa, aina ya melanoma na uvamizi wa mishipa, vikatoa asilimia ya mtu husika. Daktari akikaa na mgonjwa wakajaza pamoja, mazungumzo yanakuwa ya kweli zaidi kuliko kubishana T1 gani.

Na hapa nasisitiza: seli zinazojigawa zimetolewa kwenye kugawa T1, HAZIJATOLEWA kwenye ripoti. Toleo la 8 lenyewe linasema ziendelee kuhesabiwa na kuandikwa kwa kila melanoma iliyozama, kwa sababu bado zinatabiri mwenendo kwenye unene wote. Nimeanza kuona ripoti ambazo mstari huo haupo kabisa, mwandishi anasema "si kigezo tena". Ripoti ya namna hiyo irudishwe. Slaidi zinatunzwa, kuhesabu upya kunawezekana.

Mwanahesabu

Mkuu Darubini, uzi mzuri ila kuna kitu kinanikera. Nimelinganisha matoleo mawili. Toleo la 7 linasema hatua ya IIIA, wanaoishi miaka 5 ni asilimia 78. Toleo la 8, IIIA hiyo hiyo asilimia 93. Tiba imebadilika kiasi hicho? Au wamepanga watu upya ili takwimu zipendeze? Na zaidi ya hapo, IIC ni asilimia 82. Yaani mtu ambaye saratani haijafika kwenye tezi ana hali mbaya kuliko ambaye imefika? Hii hatua ina maana gani sasa?

Darubini

Swali zuri sana, na ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Namba zako ni sahihi, lakini hazilinganishiki. Toleo la 7 liliruhusu IIIA iingize melanoma nene, hata zaidi ya milimita 4, mradi haina kidonda na tezi zina seli za kuonekana kwa darubini tu. Toleo la 8 limewatoa watu hao. Mwenye zaidi ya 2 hadi 4 mm bila kidonda amekwenda IIIB, mwenye zaidi ya 4 amekwenda IIIC, na ikaongezwa IIID ambayo haikuwepo. IIIA sasa ni ya wenye melanoma isiyozidi milimita 2. Ukiwatoa wenye hatari kubwa kwenye kundi, wastani wa waliobaki unapanda bila mtu yeyote kupona zaidi.

Na kundi walilohamia linaweza kupanda pia! Chukua kundi jepesi lenye hatari ya kufa ya 2, 4 na 12 (hatari ikishuka, matarajio ya kuishi yanapanda). Wastani ni 6. Kundi zito lina 30, 40 na 50, wastani 40. Mhamishe yule wa 12 aende kundi zito. Kundi jepesi linashuka kuwa 3, kundi zito linashuka kuwa 33. Pande zote mbili zinaonekana zimepata nafuu, na hakuna aliyepewa hata kidonge. Alvan Feinstein na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1985 kwenye saratani ya mapafu, wakaliita kwa jina la mchekeshaji wa Marekani, Will Rogers. Juu ya hapo, upimaji wa tezi mlinzi umeenea, kwa hiyo watu ambao zamani wangeitwa hatua ya II huku wana seli chache kwenye tezi, sasa wanatambuliwa na kuhesabiwa kwenye III.

Kwa hiyo siwaambii watu kwamba takwimu zimepambwa. Makundi mapya yanatenganisha hatari vizuri zaidi kuliko ya zamani, na hilo lina faida. Ila yeyote anayechukua asilimia ya toleo la 8 akailinganisha na ya toleo la 7 ili kusifia dawa au hospitali, anapotosha.

Kuhusu IIC: hiyo ni melanoma ya zaidi ya milimita 4 yenye kidonda. Unene ule unaruhusu seli kupita kwenye damu bila kupitia tezi. IIIA ni nyembamba, ina seli chache kwenye tezi. Ndiyo, ya pili ina matarajio mazuri zaidi: asilimia 93 kwa 82 kwa miaka 5. Mpangilio wa namba za Kirumi unafuata mahali ugonjwa ulipofika, haufuati ngazi ya hatari moja kwa moja.

Kwa melanoma changa kabisa, sikilizeni hizi: T1a kwa miaka 10, asilimia 98 hawafi kwa melanoma. T1b, asilimia 96. Pengo ni dogo. Mama Watatu, msomee mama yako mstari huu.

kimya_kingi

Mimi nilikatwa 2014. Ripoti 0.6 mm, seli zinazojigawa 1, wakaniandika T1b hatua IB. Nimeishi na hiyo IB kichwani miaka yote. Kwa maelezo haya mimi ni T1a? Niombe wabadilishe faili?

Darubini

Kama hakukuwa na kidonda, kwa vigezo vya sasa ungeitwa T1a, IA. Faili halibadilishwi: mgonjwa anabaki na hatua ya toleo lililokuwa linatumika alipogunduliwa, vinginevyo kumbukumbu za saratani zingevurugika kabisa. Lakini hakuna kinachomzuia daktari wako kukueleza hatari yako kwa ujuzi wa leo. Mwombe hivyo hasa: "nieleze kwa vigezo vya sasa". Nafurahi kwamba uko hapa unatuandikia ndugu.

Pilato

Sasa huyu wa hatua ya I anahitaji zile dawa za kuamsha kinga ya mwili? Jirani yangu wa IIB amewekewa pembrolizumab, na shemeji yangu T1b ameambiwa hapana. Familia inasema ni ubaguzi.

Nesi wa Ngozi

Si ubaguzi. Pembrolizumab iliidhinishwa Marekani kwa IIB na IIC baada ya upasuaji Desemba 2021, nivolumab ikafuata Oktoba 2023. Majaribio yao yalichukua IIB na IIC tu. Hatua ya I haimo. Dawa hizi zinaweza kumwachia mtu tezi ya koo au tezi za juu ya figo zisizofanya kazi, ameze vidonge maisha yake yote. Kwa mtu ambaye upasuaji peke yake umeshampa asilimia tisini na kitu kwa miaka 10, hesabu hiyo haikubali.

Na hata mwenye T1b akikutwa na seli kwenye tezi akawa IIIA, haimaanishi dawa moja kwa moja. Waulize zile seli zimekusanyika kwa upana gani. Jaribio la pembrolizumab la hatua ya III lilichukua wa IIIA wenye mkusanyiko unaozidi 1 mm tu. Chini ya hapo wengi hufuatiliwa.

Pilato

Na picha za mwili mzima? Shemeji anadai angalau wampige CT aondoe wasiwasi.

Nesi wa Ngozi

Kwa hatua ya I isiyo na dalili, miongozo haipendekezi. Kinachoonekana mara nyingi ni vitu visivyo saratani: kivimbe kwenye ini, kovu kwenye pafu. Kisha inaanza safari ya kuchomwa sindano za uchunguzi, ya pili na ya tatu. Wasiwasi hauondoki, unazaa mwingine.

Weusi Wangu

Naomba kuuliza kwa sisi ngozi nyeusi. Haya ya 0.8 yanatuhusu? Nilisikia sisi hatupati.

Darubini

Tunapata, kwa uchache, na hatari iko kwenye kuchelewa. Kwa watu weusi melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu 1977, akafariki 1981. Vigezo vya unene ni vile vile, lakini vina faida tu kwa mtu aliyefika ikiwa bado nyembamba, na wengi tunaowapokea kutoka nyayoni wameshapita huko: walitibiwa fangasi, wakatibiwa jeraha la kiatu, kinyama kikakatwa mwishoni. Mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaopanuka, au weusi unaomwagika kutoka kwenye ukucha kuingia kwenye ngozi pembeni, au kidonda cha unyayo kisichopona: omba kinyama kikatwe. Mistari kwenye kucha nyingi kwa pamoja kwa mtu mweusi mara nyingi ni kawaida. Mmoja unaobadilika, usiusubiri.

Mama Watatu

Ndugu zangu mrejesho. Tumekwenda jana mimi na mdogo wangu tukiwa na maswali yote manne kwenye karatasi. Daktari alikaa na sisi vizuri. Kinyama kilikatwa hadi chini, ukingo wa chini safi. Seli zinazojigawa 2, kwenye mishipa hakuna kitu. Ana miaka 34. Walivyojumlisha, daktari akasema yeye anaegemea kupima tezi, ila akamwachia mdogo wangu aamue. Amekubali, siku moja na ule ukingo wa sentimita 1. Mama ameacha kulia ila haamini bado. Swali langu la mwisho: tezi ikiwa safi, ataendelea kuja kliniki mpaka lini?

Nesi wa Ngozi

Inategemea mwongozo wa mahali mnapotibiwa. NICE kwa mfano kwa IA wanazungumzia kliniki mara mbili ndani ya mwaka wa kwanza, halafu anaruhusiwa. Sehemu nyingine wanaendelea kumwona kila mwaka kwa miaka mingi. Kwa hiyo muulizeni mapema atahesabiwa kama IA au IB kwenye ratiba yao, kwa sababu ya lile jambo la kliniki na patholojia alilosema Darubini, wengine ratiba inafuata karatasi ya kwanza.

Na mfundisheni kujikagua mwenyewe kila mwezi, mwanga mzuri, mgongoni umsaidie wewe au mkewe. Apapase kovu na kwapa la upande ule. Aliyewahi kupata melanoma moja yuko kwenye hatari zaidi ya kupata nyingine mpya, na mara nyingi anayeiona kwanza ni mwenyewe au mtu wa nyumbani. Nyie ndugu wa damu nanyi mkaguliwe ngozi. Ukishapata ripoti ya tezi, iweke hapa bila jina, tuisome pamoja.